Ndugu akiwa chini ya mkono wa Mungu, sisi tufanye nini? Mwongozo kamili kwa jumuiya na vikundi vya nyumbani

Bwana asifiwe wapendwa. Huu mwongozo nauandika kwa wanaoongoza jumuiya, seli, vikundi vya nyumbani, kwa wazee wa kanisa, na hata kwa wewe ambaye huna cheo chochote ila kuna mtu wa kanisani kwenu haonekani siku hizi na hujui uanzie wapi. Unahusu mambo mawili ambayo makanisani kwetu tumeyatenganisha kabisa, yaani kurudiwa na Mungu (kuonywa na kulelewa naye kwa adhabu, kama baba na mtoto wake) na kutunzana sisi kwa sisi. Kurudiwa tumewaachia wahubiri, kutunzana tumewaachia akina mama wa jumuiya na sukari yao kilo mbili.

Fungua Waebrania 12. Wengi tunaijua mpaka mstari wa 11, Bwana humrudi yeye ampendaye, adhabu wakati wake ni huzuni lakini baadaye inaleta matunda ya haki, amina, mhubiri anafunga Biblia. Sasa endelea kusoma: "inyosheni mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza", mkaifanyie miguu njia za kunyoka ili kilicho kiwete kisipotoshwe bali kiponywe, alafu mstari wa 15 mkiangalia sana mtu asiipungukie neema ya Mungu. Hayo yote anaambiwa nani? Wanaambiwa wote, kwa wingi, kanisa zima. Kwaiyo kurudi ni kazi ya Baba, kushika mikono iliyolegea ni kazi yetu, na tatizo letu kubwa ni kwamba tunapenda sana kuisaidia ile kazi ya Baba na hii yetu tunaiacha inalala.

Kabla ya yote: acha kutafuta "amefanya nini"

Hii naiweka mbele kwa sababu hapa ndo jumuiya nyingi zinaharibu kabla hata hazijaanza. Mtu kafukuzwa kazi, mtoto anaumwa hatoki hospitali, biashara imeungua, basi kabla ya Jumapili kuna mtu ashatoa tafsiri. "Kuna jambo hajaungama." "Mungu anamnyoosha huyo, alikuwa hatoi fungu la kumi."

Angalia hao walioandikiwa Waebrania 12 walikuwa kina nani. Rudi sura ya 10 mstari wa 32 mpaka 34, walikuwa watu walioshutumiwa hadharani kwa sababu ya imani, walinyang'anywa mali zao wakakubali kwa furaha, na waliwaonea huruma wafungwa. Hawa ndo wanaambiwa "mnarudiwa". Mwandishi hawaulizi mmeiba nini wala nani amezini humo ndani. Kurudiwa kwao kulikuwa ni malezi, Baba anawajenga watoto wake kupitia mateso ambayo waliyapata kwa kufanya vizuri. Ukiishika hiyo peke yake utakuwa umejiepusha na nusu ya makosa.

Alafu kuna Ayubu. Wale rafiki zake watatu huwa tunawasema vibaya lakini walianza vizuri kuliko wengi wetu, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walivyofungua mdomo ndo mambo yakaharibika, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu. Na Yohana 9 wanafunzi wanamuuliza Yesu huyu kipofu ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake, Yesu anasema hakuna hata mmoja kati ya hao.

Sasa mtu ataniuliza, na 1 Wakorintho 11 je? Pale Paulo anasema wazi kabisa kwamba kwenu wako wengi walio dhaifu na wagonjwa na wengine wamelala, yaani wamekufa, kwa ajili ya namna wanavyoila meza ya Bwana. Ni kweli, hiyo ipo na sitaki tuiruke. Ila soma kosa lenyewe lilikuwa nini, mstari wa 21 na 22: wenye vyakula walikuwa wanawahi kula, huyu ana njaa na huyu amelewa, wasio na kitu wanatahayarishwa. Sehemu iliyo wazi kuliko zote kwenye nyaraka za Paulo inayounganisha ugonjwa na adhabu ya Mungu kanisani, kosa lake ni kwamba watu hawakujaliana! Na dawa anayoitoa ni mstari wa 33, mngojane. Kwaiyo ukitaka kulitumia hilo andiko kumpima mgonjwa aliyelala, lianze kwanza na wewe ambaye hujaenda kumuona.

Kwa vitendo basi, kiongozi wa kikundi unatakiwa ujue kuna hali tatu na zinashughulikiwa tofauti. Ya kwanza ni shida tu za maisha, ugonjwa, msiba, ukame, kampuni imefungwa, hapa kazi ni kubeba mzigo na hamna kesi. Ya pili ni mtu mwenyewe anasema "najua Mungu anasema na mimi kwenye hili", hapa kazi ni kusikiliza na kutembea naye. Ya tatu ni dhambi inayojulikana, kwa ushahidi na sio kwa tetesi, hapo ndo Mathayo 18 inaingia. Kama hujui ni ipi, ichukulie ni ya kwanza. Usipandishe daraja mwenyewe.

Hatua ya 1: Nenda. Usipige tu simu.

Mtu asipoonekana mara mbili mfululizo jumuiyani bila taarifa, mtu aende. Sio msg kwenye grupu "Dada fulani tumekumiss 🙏🙏", hiyo inamuanika tu, watu thelathini wanaanza kuuliza kulikoni na yeye anazidi kujificha.

Waende wawili, na angalau mmoja awe wa jinsia yake. Mwanamke anayeishi peke yake asitembelewe na mzee wa kanisa peke yake usiku, hata kama huyo mzee ni malaika, hii sio kumshuku mtu ni kumlinda kila mtu. Wapangie watu ambao huyo ndugu anawapenda, na kama mwenyekiti wa jumuiya na yeye haziivi basi mwenyekiti abaki nyumbani, mtaelewana baadaye nani kafanya huduma.

Mkifika, mwanzo ni pole na habari za watoto. Mkae. Kama kuna kazi ya kufanya pale, maji hayajachotwa, vyombo havijaoshwa, mgonjwa anahitaji kugeuzwa, fanyeni bila kutangaza. Kisha mtu mmoja aulize swali moja la wazi: "Unaendeleaje, kweli kweli?" Alafu nyamazeni. Ukimya wa dakika mbili unatuogopesha sana wapendwa, tunakimbilia kuujaza na maombi, tunaanza kusema kwa nguvu mtu hajamaliza hata kufikiri aseme nini. Muacheni.

Vitu vya kutosema mkiwa pale, nimevisikia vyote kwa masikio yangu: "Mungu hawezi kukupa jaribu usiloliweza" (mtu ameshashindwa, unamwambia nini?), "angalia moyo wako", "mbona fulani alipitia haya na akasimama", "ungekuwa unaomba usiku haya yasingetokea". Na ile ya msibani, "Mungu alimpenda zaidi", usimwambie mama aliyefiwa na mtoto.

Ya kusema ni machache. Pole sana. Tupo. Tutarudi Alhamisi. Na kama umesema Alhamisi, Alhamisi uwe pale.

Ikiwa yeye mwenyewe ndo ameanza kusema "nahisi Mungu ananiadhibu", usikimbilie kukubali wala kukataa. Muulize anaona Mungu anamwambia nini. Kuna mtu atakutajia jambo halisi, amemdhulumu ndugu yake shamba la urithi na halali usingizi, huyo msaidie aende akatengeneze na huyo ndugu. Mwingine atakwambia "sijui, lakini lazima kuna kitu", huyo hana dhambi anayoijua, ana hofu tu, na hofu hiyo mara nyingi tumempandikiza sisi. Huyu msomee hiyo hiyo Waebrania 12 lakini kwa sauti ya Baba anayemshika mtoto mkono. Mungu akitaka kumuonyesha mtu jambo huwa analionyesha kwa jina lake, hamuachi mtoto gizani akihangaika kubahatisha.

Hatua ya 2: Mzigo wa vitu, na hapa tuwe siriazi

Yakobo 2:15 na 16 iko wazi, ndugu hana nguo wala riziki alafu unamwambia enenda kwa amani ukaote moto ukashibe, imemsaidia nini. Kwaiyo mkitoka kwenye ile ziara ya kwanza, wale wawili wakae dakika kumi waandike: anadaiwa kodi? Ada? Dawa anazimudu? Chakula kipo cha siku ngapi? Nani analala na mgonjwa hospitali na watoto anamwachia nani?

Hiyo ya mwisho watu wanaisahau. Hospitali zetu nyingi ndugu ndo wanaleta chakula, wanafua, wanakimbizana na dawa duka la nje. Familia ndogo ikiwa na mgonjwa wodini wiki tatu inachoka vibaya. Jumuiya ya kaya kumi na mbili ikigawana zamu, kila kaya inapika siku moja tu karibu kila wiki mbili. Tengenezeni karatasi ya zamu, jina na siku, mtu mmoja awe wa kukumbusha. Bila karatasi mzigo wote utaangukia akina mama watatu wale wale.

Pesa: pitisheni kwa mtunza hazina, iandikwe, watu wawili wajue kiasi. Akishatumiwa kwenye M-Pesa au amepewa mkononi, imeisha. Msiweke skrinishoti kwenye grupu, msisome ibadani "jumuiya ya Bethania imemsaidia ndugu yetu laki na nusu". Matoleo ya jumla yatangazwe kwa jumla, jina la aliyepokea libaki kwa watu wawili. Mkono wa kushoto usijue, si ndo Yesu alivyosema.

Ila pia kuna wanaotumia vibaya na tusijifanye hawapo. Paulo huyo huyo anasema kwenye Wagalatia 6 mchukuliane mizigo, mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe, na kwa Wathesalonike anasema asiyetaka kufanya kazi na asile. Neno ni *asiyetaka*, sio asiyepata. Kama mtu anasaidiwa mwezi wa nne na hamna dalili ya kujisogeza, wale wale wawili wanaomtembelea wakae naye wamuulize mpango wake ni upi, na msaada ugeuke kutoka unga kuwa mtaji mdogo au kumtafutia kibarua. Wakae naye wao, sio kamati nzima.

Kuombea wagonjwa, neno fupi

Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee, wamuombee, wampake mafuta kwa jina la Bwana. Fanyeni hivyo, na iwe ameita yeye. Lakini hakuna mahali andiko hilo linasema aache dawa. Mtu yeyote anayemwambia mgonjwa wa kisukari, presha, kifafa au anayetumia ARV aache dawa ili "kuonyesha imani" asimamishwe kuombea watu siku hiyo hiyo, iwe ni mzee au nabii mgeni. Akipona kweli vipimo vitaonyesha na daktari atasema.

Na mstari wa 15 unasema "hata ikiwa amefanya dhambi, atasamehewa". Ona hiyo *ikiwa*. Yakobo mwenyewe hakudhani tu.

Hatua ya 3: Kama kweli kuna dhambi, wewe na yeye peke yenu

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu. Mathayo 18:15, ndugu yako akikukosa enenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu. Peke yenu maana yake mke wako hajui, rafiki yako wa maombi hajui, mchungaji hajui bado. Ile tabia ya "naomba mniombee nataka kwenda kumwonya fulani kuhusu jambo fulani" ni umbea umevaa kitenge cha kanisani.

Kabla hujaenda jiulize: nimeona mwenyewe au nimesikia? Kama umesikia, aliyeona ndo aende, na kama hataki kwenda basi mwambie aache kusema. Ni dhambi kweli au ni jambo nisilolipenda? Kusuka rasta, kuvaa suruali, kuhama kwaya, kumpinga katibu kwenye kikao, hizo hazimo. Na la tatu ni la Wagalatia 6:1, ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe. Kama unaenda ukiwa na raha kidogo moyoni kwamba leo nimempata, ahirisha.

Nenda uso kwa uso. Usimwandikie meseji ndefu wala usimtumie voisi, voisi inasambaa, leo kwako kesho kwa mtaa mzima, na isitoshe haina macho, mtu hawezi kukuona unavyosikitika. Mwambie kitu kimoja, kwa jina lake, mfano: "Kaka, hela ya jengo ulisema umepeleka benki Jumatatu, nimeona slipu haipo na nimekuja kwako kwanza. Nisaidie nielewe." Hapo umemwachia mlango. Inawezekana kabisa kuna maelezo, slipu ipo kwenye mkoba mwingine na wewe ndo unarudi nyumbani umetulia. Usianze na "watu wanasema".

Akikusikia, umempata nduguyo, andiko linaishia hapo na wewe ishia hapo. Msaidie kutengeneza, kurudisha kilichochukuliwa, kumuomba radhi aliyeumizwa. Hapa ndugu wa uamsho wametuachia mfano mzuri. Uamsho ule wa Gahini Rwanda na Uganda, wa akina Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, ulioenea miaka ya 1930 ukafika Bukoba na Kenya na huku kwetu wengi tunaujua kwa ule wimbo wa Tukutendereza, ulikuwa na watu wanaorudisha vitu walivyoiba kwa waajiri wao, wanalipa madeni ya zamani, wanawaomba radhi wake zao. Walikuwa wanaita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7, na mtu wa chini aliweza kumwambia mchungaji "ndugu, hapa sioni nuru" na mchungaji akasikia.

Ila hiyo hiyo desturi ina upande wake mwingine. Kuungama mbele ya kundi kukigeuka mashindano, mtu anaungama mpaka dhambi za wengine, anataja majina, ndoa zinavunjika pale pale kwenye benchi. Na asiye na la kuungama anaonekana baridi, basi anatafuta la kusema. Kanuni ninayoifuata mimi: ungamo liwe na upana sawa na kosa. Lililo kati yako na Mungu liishie kwa Mungu, na kwa ndugu mmoja unayemwamini kama linakulemea. La mtu mmoja, kwa huyo mmoja. La hadharani, hadharani, kwa maneno machache, bila maelezo ya kutia tamaa na bila jina la mtu mwingine.

Simama hapa: mambo ambayo hatua ya 3 haiyahusu

Mtoto akiharibiwa, mtu akibakwa, mke akipigwa mpaka kuumia, hakuna "wewe na yeye peke yenu". Usimpeleke mtoto kukaa na aliyemuumiza "wapatane". Usiite kikao cha wazee kwanza. Mathayo 18 hiyo hiyo, mistari tisa tu nyuma, inasema atakayemkosesha mmoja wa wadogo hawa yafaa afungiwe jiwe la kusagia shingoni, kwaiyo usiitumie sura hiyo kumficha mkosaji.

Tanzania nenda polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, chukua fomu ya PF3 na aliyeumizwa aende hospitali mapema kabla hajaoga na nguo zihifadhiwe. Kama hali ni mbaya aanze na hospitali moja kwa moja, fomu itafuata. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, Tanzania na Kenya, ni bure. Kenya kuna pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na fomu yao ni P3. Kanisa linafanya kazi yake baada ya hapo na pamoja na hapo, kumlinda aliyeumizwa, kumpa mahali pa kulala, kwenda naye mahakamani. Mtuhumiwa aondolewe kwenye Sunday school na kwaya ya watoto siku hiyo hiyo, hata kabla ya hukumu. Na kama ni mchungaji au askofu mdogo, mambo hayabadiliki. 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kanisa kupokea mashitaka juu ya mzee, haisemi polisi wasubiri.

Hatua ya 4: Wawili au watatu

Akikataa kukusikia, ngoja siku chache, omba, nenda tena peke yako kama unaona kuna matumaini. Hamna andiko linalosema nafasi ni moja tu. Ikishindikana ndo unachukua mmoja au wawili.

Hao watu sio wa kukuongezea nguvu ya kumshinda. Ni mashahidi, kazi yao ni kusikia pande zote mbili, na inawezekana wakakuambia wewe ndo umekosea. Kwaiyo chagua mtu anayeheshimiwa na yule ndugu, sio mashemeji zako. Mmoja aandike kifupi mliyoongea, tarehe na makubaliano, karatasi moja tu, ikae kwa mzee mmoja. Msirekodi kwa simu kwa siri.

Hatua ya 5: Kanisa likijua, na suala la kutenga

Makanisa yetu yanatofautiana, wengine wanasema kutengwa, wengine kuwekwa chini ya nidhamu, wengine kufungiwa Meza ya Bwana. Fuata katiba ya kanisa lenu. Lakini popote mlipo, mtu anayetengwa ana haki ya kujua mambo manne na ayajue kwa maandishi: kosa ni lipi, nini anazuiwa, mpaka lini hali yake itaangaliwa tena, na nani atatembea naye. Hilo la nne likikosekana msimtenge, maana bila mtu wa kutembea naye mmemfukuza tu kwa lugha ya adabu. Nimeona watu wametengwa miaka na miaka kwa sababu mchungaji aliyewatenga alihamishwa na hakuna aliyekumbuka faili.

Anazuiwa kuongoza, kuimba kwaya, kushika pesa, pengine Ushirika Mtakatifu. Hazuiwi kuja ibadani akakaa. Hazuiwi kutembelewa. Akifiwa mnaenda kuzika. 2 Wathesalonike 3:15, msimhesabu kuwa adui bali mwonyeni kama ndugu. Wanaoona ugumu kwa sababu Mathayo 18:17 inasema awe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru, haya, Yesu aliwatendea vipi watoza ushuru? Alikula kwao.

Na hapa lazima niseme la moyoni. Binti wa kwaya akipata mimba anasimamishwa mbele, anatengwa, anakaa benchi la nyuma na tumbo lake kila mtu anamwangalia. Mvulana yuko kwenye kinanda. Kila mtu anamjua, ila "hakuna ushahidi". Kama kanisa lenu haliwezi kuwashughulikia wote wawili kwa namna moja basi lisimshughulikie binti peke yake hadharani, hiyo sio nidhamu ya Mungu, ni kumuadhibu mtu kwa kosa la kuwa na tumbo linaloonekana. Yule mwanamke wa Yohana 8 aliyefumaniwa akizini, waliyemleta peke yake, mwanamume alikuwa wapi? Huyo binti anahitaji kliniki, chakula, nauli, mtu wa kwenda naye siku ya kujifungua, na wazazi wake waongeleshwe wasimfukuze nyumbani. Kutubu kwake kunaweza kufanyika mbele ya mchungaji na mama mmoja mzee, kukatosha.

Hatua ya 6: Kumrudisha

Huku ndo tunakoshindwa zaidi. Tunajua kutenga, kurudisha hatujui. Paulo anawaandikia Wakorintho kuhusu mtu aliyekuwa ameadhibiwa na wengi, anasema adhabu hiyo inatosha, sasa msameheni na kumfariji "asije akamezwa na huzuni yake ipitayo kiasi" (2 Wakorintho 2:7). Yaani kuna huzuni inayopita kiasi, inammeza mtu mzima. Wengine wanaishia kwenye pombe, wengine wanajidhuru. Ukiona ndugu aliye kwenye nidhamu hali, halali, anagawa vitu vyake, anasema afadhali asingekuwepo, acha habari za nidhamu kabisa, kaa naye, usimwache peke yake na mtafute mtaalamu wa afya ya akili hospitali ya wilaya.

Dalili za toba wala hazina ufundi mkubwa. Amelitaja kosa bila kumsingizia mtu, ameliacha, ametengeneza kinachotengenezeka (Zakayo alisema atarudisha mara nne), amekubali kuulizwa. Machozi sio dalili, kuna watu wanalia kirahisi na kuna wanaume wetu wa bara huko hawajalia tangu jando. Msisubiri machozi.

Siku ya kumrudisha itangazwe kwa kiasi kile kile kilichotangazwa kutengwa. Kama mlimtenga mbele ya kanisa zima mrudisheni mbele ya kanisa zima, sio kimya kimya Jumatano jioni. Mchungaji aseme sentensi mbili tatu, asirudie kosa, watu wamsalimie kwa mkono, na Meza ya Bwana apewe siku hiyo. Baadaye mtu mmoja amwalike kula nyumbani kwake. Baada ya hapo atakayelirudisha lile jambo mdomoni, yeye ndo hatua ya 3 inaanza kwake.

Kurudishwa kundini na kurudishwa kwenye nafasi ni vitu viwili. Aliyeiba hazina anasamehewa kabisa, anaimba, anaomba, anahubiri hata, lakini funguo za sanduku hapewi tena, na hiyo sio kutokusamehe ni kumpunguzia jaribu. Aliyeharibu watoto hafundishi watoto tena maisha yake yote, hapo hamna mjadala. Kwa mengine nenda taratibu, kwanza ahudhurie, kisha asaidie, kisha aongoze, na yule anayetembea naye aseme lini.

Na wabebaji je?

Wale wawili mliowatuma hatua ya kwanza wanachoka. Wanasikia mambo mazito, wanatoa nauli zao mfukoni, wanarudi nyumbani usiku na hawaruhusiwi kusema. Mchungaji au mzee mmoja awe anakaa nao angalau mara moja kwa mwezi, bila majina kama ni siri, awaulize nyie mko vipi. Nauli zao zitoke kwenye mfuko wa jumuiya. Wakipitiliza miezi mitatu na mtu mmoja mzito, waongezewe wa tatu ambaye ndugu mwenyewe amemkubali, aingie taratibu wakiwa bado wapo, wasibadilishwe ghafla kama walinzi wa zamu. Na wakati wa kukabidhi, kinachokabidhiwa ni mahitaji na ratiba tu. Aliyoyaungama mtu kwao yanabaki kwao, yeye mwenyewe akitaka kumwambia huyo wa tatu atamwambia.